Kilichomo Ndani ya Sufuria Yetu

Hotuba ya Kamati ya Jiko, iliyosomwa mbele ya waumini na majirani katika sherehe za maadhimisho ya hekalu

 

Mwaka hata mwaka, hotuba ya kamati ya jiko huwa fupi kuliko zote. Husimama tukataja magunia ya mchele na ya viazi, tukawashukuru wafadhili na akina mama waliokesha wakikanda unga, kisha tukaketi, kwa kuwa harufu ya chakula huwa imekwisha kuingia ukumbini na hakuna msemaji awezaye kushindana nayo. Leo tumeomba muda mrefu zaidi. Tunalo jambo la kukiri na tunalo jambo la kuomba, na yote mawili yahusu kilichomo ndani ya sufuria zetu.

Tuanze na kukiri. Mnakumbuka jinsi bei ya mafuta ya kula ilivyopanda mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipozuia alizeti ya kule na mawese ya Asia nayo yakapanda. Jiko la hekalu hulisha watu wengi, na fungu la fedha lilikuwa lilelile. Ndipo mfadhili mmoja, kwa moyo safi kabisa, alipotuletea katoni za mafuta ya kuganda, yale meupe yanayofanana na samli. Tulishukuru, tukayatumia. Tulikaangia puri na bajia, tukapikia shiro na ladu, tukapikia hata chakula cha watoto wa shule ya jirani wanaokuja kula kwetu siku za sikukuu. Katoni zilipokwisha tulinunua nyingine kwa fedha za hekalu, maana tulikuwa tumekwisha kuizoea nafuu yake.

Siku moja binti wa waumini wenzetu, aliyekuwa akisomea lishe chuoni, aliingia jikoni kutusaidia kusukuma puri. Akauchukua mkebe mmoja, akaugeuza. Upande wa mbele palikuwa na herufi kubwa zilizosema kwamba hayo ni mafuta safi ya mimea. Upande wa nyuma, kwa herufi ambazo mzee wetu wa ghala hakuweza kuzisoma hata kwa miwani, paliandikwa kwa Kiingereza kwamba mafuta hayo yametiwa haidrojeni kwa sehemu. Binti akamwuliza mkubwa wetu wa jiko, “Masi, mnajua maana ya maneno haya?”

Hatukujua. Tulikuwa tumewalisha watu chakula hicho kwa karibu miaka miwili, na katika kamati nzima hapakuwa na mtu mmoja aliyekwisha kuugeuza mkebe.

Mtuwie radhi tueleze kidogo, kwani jambo hili lina historia inayotugusa sisi Wahindi kwa namna ya pekee. Mwaka 1902 mkemia wa Kijerumani aitwaye Wilhelm Normann alisajili njia ya kuyagandisha mafuta ya maji kwa kuyapitishia gesi ya haidrojeni. Mafuta ya bei ndogo yakageuka kuwa mafuta magumu yasiyooza upesi. Mwaka 1911 Wamarekani walianza kuuza Crisco, na mwaka 1937 kule India ikaingia sokoni Dalda, mkebe wenye picha ya mnazi ambao wazee waliomo humu ukumbini wanaukumbuka vizuri. Wengi wetu bado tunasema “dalda” tunapotaka kutaja mafuta yoyote ya kuganda, yawe ya kampuni gani. Bibi zetu waliozoea samli iliyoletwa kutoka bara kwa madebe waliyadharau mafuta hayo mwanzoni. Baadaye samli ilipokuwa ghali, waliyakubali kwa siku za kawaida, na samli ikabaki ya taa na ya prasadi. Kisha taratibu hata prasadi ikayakubali.

Kasoro yake haikuonekana kwa miaka mingi. Mafuta yanapotiwa haidrojeni nusunusu, sehemu yake hugeuka na kuwa kitu ambacho wataalamu wanakiita mafuta ya transi. Hiki hupandisha lehemu mbaya katika damu na papo hapo hushusha ile nzuri, na mishipa ya moyo ndiyo hulipa gharama. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 2.2 hivi kwa siku, na mafuta yaliyogandishwa nusunusu huweza kuwa na robo nzima ya transi, au zaidi. Pigeni hesabu wenyewe: kijiko kimoja kikubwa cha mafuta hayo chatosha kukipita kiwango cha kutwa nzima. Sahani yetu ya sikukuu ilikuwa na vijiko vingapi? Puri zilikuwa nne, bajia zikafuata, shiro ikafuata, na anayegawa huwa na mkono mzito kwa mgeni kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kukirimu.

Denmark ilikuwa nchi ya kwanza kuyawekea mafuta hayo kikomo, mwaka 2003. Afrika Kusini ikaweka kikomo chake mwaka 2011. Marekani, nchi ambayo ndugu zetu walioko Houston na New Jersey hutupigia simu kutulalamikia vyakula vyake vya maboksi, iliamua mwaka 2015 kwamba mafuta haya hayawezi tena kuhesabiwa kuwa salama, na tangu mwaka 2018 viwanda vyake vikakatazwa kuyatia katika chakula. India yenyewe, nyumbani kwa dalda, imekataza yasizidi asilimia 2 tangu Januari 2022. Kwa hiyo mwaka uleule ambao bibi wa Gujarat alianza kulindwa na sheria ya nchi yake, sisi wa Temeke tulikuwa tunafungua katoni ya pili kwa furaha.

Tunakiri basi, mbele ya waumini na mbele ya wazazi wa watoto wale: tulikosea. Si mfadhili aliyekosea, maana alitoa kwa nia njema kile alichouziwa. Kosa ni letu tulioshika ufunguo wa ghala.

Sasa mtatuuliza, je, mna hakika kwamba mtu yeyote amedhurika? Hatuna. Maradhi haya hayaji na jina la jiko lililoyaleta. Lakini tunajua habari za nyumba yetu. Mpishi wetu mkuu, mama aliyeongoza jiko hili kwa miaka mingi hata watoto wakadhani kwamba ni sehemu ya jengo, alikatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Alikuwa akionja kila sufuria kwa mkono wake, asubuhi hadi jioni, na kila aliyepita alimpa kipande cha barfi kama ahsante. Leo ameketi pale mstari wa mbele katika kiti cha magurudumu, na ametupa ruhusa tuliseme hili. Alisema, “Semeni. Mimi nilionja, ninyi mnaweza kusoma.”

Wapo pia waliotusomea hali yetu zamani, nasi hatukusikiliza. Mwaka 1989 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti wa Profesa Donald McLarty na wenzake katika vijiji vya Tanzania. Humo wenye kisukari walikuwa chini ya mtu mmoja katika kila mia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1991, British Medical Journal lilichapisha utafiti wa Dkt. Kaushik Ramaiya na wenzake kuhusu Wahindu wa jiji hili la Dar es Salaam. Walizipima jamii zetu mbalimbali, na hali ya kisukari ikaonekana kutofautiana sana kati ya jamii na jamii. Sisi si wataalamu, lakini kwa macho yetu ya jikoni jambo hili lina maana. Tunasali pamoja, tumetoka pande zilezile za Gujarat na Kutch, lakini hatupiki sawa wala hatufanyi kazi sawa.

Na msidhani, majirani zetu, kwamba haya ni maradhi ya Wahindi peke yao. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, uliwakuta na kisukari watu kama tisa katika kila mia, na mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Vipimo vya mwaka ule na vya miaka ya nyuma havikuwa vya namna moja, wala umri wa waliopimwa haukuwa mmoja, kwa hiyo haifai kuvilinganisha kana kwamba ni mizani miwili ya duka moja. Hata hivyo, nani kati yetu hana jirani wa Tandika, Mbagala au Keko anayekwenda kliniki ya presha na kadi yake mkononi?

Tulipokwisha kuyasoma haya tuliingiwa na bidii ya wageni wa jambo. Tulitoka tukitaka kumfundisha kila mtu. Wa kwanza tuliyemfikia alikuwa mama anayekaanga vitumbua na maandazi karibu na lango la hekalu, ambaye amekuwa jirani yetu tangu jengo hili halijapigwa lipu. Tulimsalimu, tukamweleza kuhusu mafuta, tukamweleza kwamba mafuta yaliyokwisha kuwa meusi kwa kukaangia siku nyingi yana madhara. Alitusikiliza hadi mwisho, akigeuza vitumbua vyake. Kisha akasema:

“Ahsanteni, mama zangu. Lakini mimi nanunua mafuta ya kupima. Muuza genge ananipimia kutoka kwenye dumu, dumu halina karatasi, na mimi sina pesa ya kununua lita nzima iliyofungwa. Nikiyamwaga kila siku, mtaji wangu umekwenda na maji. Sasa niambieni, yaliyo mazuri nikayanunue wapi?”

Tulirudi jikoni kimya. Maana alituuliza swali ambalo ndilo swali lenyewe, na sisi tulikuwa tumekwenda na jibu la swali jingine. Sisi wenye mkebe wenye maandishi hatukuyasoma. Yeye asiye na maandishi ya kusoma, tukamlaumu.

Hapa tunaomba tuseme neno ambalo huenda litawakera baadhi yenu. Katika jiji hili tunapenda sana habari za sumu za ajabu. Kila baada ya muda huzuka habari ya chipsi zilizokaangwa kwa mafuta ya transfoma, na ujumbe huo huenea kwenye simu zetu kutoka Kinondoni hadi Mbagala kabla ya adhuhuri. Tunashtuka, tunalaani, tunaapa hatutakula tena barabarani. Jioni ileile tunakunywa soda mbili. Sumu ya ajabu ina mkosaji wa kulaumiwa, na mkosaji huyo si sisi. Soda haina mkosaji. Ni baridi, ni tamu, na mwenye nyumba amekukirimu.

Soda ya kawaida ya chupa ya mililita 350 ina sukari gramu kama 37, yaani karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na kwamba ni bora zaidi isifike hata 25. Katika maadhimisho yetu yaliyopita kila mtoto alipewa chupa moja mlangoni, na aliyeomba ya pili hakunyimwa. Baada ya soda kulikuwa na shiro, na baada ya shiro kulikuwa na jalebi. 

Kuhusu jalebi, rangi yake ile ya machungwa makali tuliipata kwenye vichupa vidogo vya rangi ya chakula, vingine bila jina la kilichomo. Kuna rangi zinazoruhusiwa na kuna zisizoruhusiwa, na kwa jicho huwezi kuzitofautisha. Mwaka 2003 nchi za Ulaya zilikuta unga wa pilipili uliotoka India umetiwa rangi ya Sudan, ambayo ni rangi ya viwandani isiyopaswa kuingia tumboni, na lengo lake lilikuwa moja tu: pilipili ionekane nyekundu. Tangu mwaka 2010 vyakula vyenye baadhi ya rangi za kutengenezwa huko Ulaya hulazimika kubeba onyo kwamba huenda zikaathiri utulivu wa watoto. Na mwezi Januari 2025 Marekani iliifuta ruhusa ya rangi nyekundu namba 3 katika chakula. Sisi tumeamua kutumia manjano. Jalebi za leo ni za kimanjano hafifu, na tumekwisha kupokea malalamiko ya wajukuu watatu.

Lakini tusije tukavuka mpaka tukaanza kuogopa kila kitu kilichoongezwa. Chumvi yetu ina madini joto, na ndiyo maana watoto wa siku hizi hawana tezi za shingo kama walizokuwa nazo baadhi ya wazee wa nyanda za juu. Kanuni za mwaka 2011 za nchi yetu zilitaka mafuta ya viwandani yatiwe vitamini A, na unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani utiwe madini ya chuma na vitamini nyinginezo. Hivyo navyo ni viongezwa, na vimesaidia. Wala tusidhani kwamba kila kilichotoka shamba ni salama kwa sababu hakikupita kiwandani. Mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi waliyoyalima wenyewe. Kwa hiyo hatutaki mtu atoke humu akisema hekalu limeharamisha viwanda.

Na samli? Tumeulizwa sana, na wengine walitarajia tutangaze leo kwamba samli ya ng’ombe ni dawa. Hatutatangaza. Samli safi haina haidrojeni iliyotiwa, lakini zaidi ya nusu yake ni mafuta yale ya kuganda ambayo nayo hupandisha lehemu. Mawese yana nusu hivi. Tui la nazi, ambalo Waswahili na sisi tunalipenda kwa pamoja, lina mafuta ambayo sehemu yake kubwa kabisa ni ya namna hiyo. Alizeti ina kidogo zaidi. Hakuna katika hayo unaloweza kulinywa kama uji. Na tukiri pia kituko chetu cha siku za Ekadashi: tunajinyima nafaka kwa ajili ya kufunga, kisha tunakula viazi vya kukaanga na sago ya kukaanga mpaka mtu anatamani siku ya kawaida ifike apumzike. Majirani zetu Waislamu wakicheka, nasi tutawakumbusha kalimati za futari.

Jambo lililotusumbua kuliko yote lilikuwa prasadi. Katika ibada ya Satyanarayan kipimo ni cha desturi: kimoja na robo cha suji, kimoja na robo cha samli, kimoja na robo cha sukari, pamoja na maziwa na ndizi. Hatuwezi kusimama hapa tukakipunguza kipimo kilichopokewa kwa mababu kwa sababu tumesoma nyuma ya mkebe. Wala prasadi haikataliwi. Na hapo ndipo penye ugumu. Mzee mmoja jirani yetu, mwenye kisukari cha miaka mingi, alikula bakuli zima la shiro tulilompa siku ya sikukuu. Mwanawe alipomlaumu nyumbani alijibu, “Nimepewa chakula cha baraka na wenyeji wangu. Nitakirudishaje?” Alilazwa juma lile. Hatusemi ni shiro iliyomlaza, kwani mgonjwa wa namna hiyo ana sababu nyingi. Tunachosema ni kwamba sisi ndio tuliomweka katika hali ambayo heshima yake ilipigana na afya yake, na yeye, kwa kuwa ni muungwana, akaichagua heshima.

Tulijadiliana usiku mzima juu ya hili. Wapo waliosema tutumie sukari ya bandia, na mheshimiwa pujari akawatazama kwa jicho ambalo lilimaliza hoja hiyo. Wapo waliosema tuache kuwagawia majirani, na hilo liliuma zaidi, kwa sababu hekalu lisilogawa chakula langoni ni jengo tu. Hatimaye mpishi wetu mkuu, yule mama, ndiye aliyetufungulia njia. Alisema kwamba utotoni mwake prasadi ilikuwa kiasi cha kushika kwa ncha za vidole vitatu, ikawekwa katikati ya kiganja, ukaila umesimama. Bakuli lilikuja baadaye, pamoja na katoni. Basi kuanzia leo kipimo cha sufuria ni kilekile cha desturi, kwa samli halisi, na kipimo cha kiganja ni kile cha bibi zetu. Asiyeweza hata hicho atapewa kipande cha nazi au ndizi kilichotolewa mbele ya madhabahu ileile, nacho ni prasadi vilevile. Mheshimiwa pujari amelithibitisha hilo.

Kuhusu chakula cha sahani, tumeacha mafuta ya kuganda kabisa. Tulikwenda viwanja vya Sabasaba tukazungumza na wakamuaji wa alizeti kutoka Singida, na sasa tunanunua kwao. Mwanzo haukuwa mzuri. Alizeti iliyokamuliwa bila kusafishwa sana ina harufu yake, na tulipoiweka kwenye karai la moto mkali ilitoa povu na moshi hata ikatubidi kufungua milango yote. Puri za siku ile tulizila wenyewe. Tumejifunza kuyatumia mafuta hayo kwa michuzi, na kwa kukaanga tunatumia alizeti iliyosafishwa, na ya kukaangia hatuirudishi karaini siku ya pili. Ghali? Ndiyo. Ndiyo maana puri leo ni mbili, na nafasi iliyobaki imejazwa rotli, khichdi ya choroko na mchicha kutoka soko la Temeke Stereo. Chumvi katika papadi na achari tumeipunguza kidogo; kwa hilo hatujafanya vya kutosha na tunajua.

Sasa lile jambo la kuomba. Swali la jirani yetu wa vitumbua hatukuweza kulijibu kwa maneno, kwa hiyo tumejaribu kulijibu kwa dumu. Tunaponunua mafuta kwa jumla, bei yake kwa lita hushuka. Kamati inaomba ridhaa ya waumini ili ghala la hekalu linunue zaidi ya mahitaji yake, na akina mama wanaopika kandokando ya lango na mtaa wa nyuma wapimiwe hapa kwa bei ileile tuliyonunulia, kwa kipimo kidogo wanachokimudu, bila faida hata senti. Dumu litakuwa na karatasi yake, na karatasi itabandikwa ukutani kwa Kiswahili na kwa herufi ambazo mzee wa ghala anaweza kuzisoma. Baadhi yenu mmesema hekalu si genge. Ni kweli. Lakini kwa miaka miwili hekalu liligawa mafuta mabaya bure, na hakuna aliyesema hekalu si ghala la katoni. Wanaotaka kutupinga tunaomba mje jikoni Jumapili ijayo saa nne asubuhi, tutazungumza tukisukuma rotli, mkono usikae bure.

Tunaomba pia wafadhili wetu, ambao bila wao hakuna sikukuu: mnapotaka kuleta mchango wa chakula, tuulizeni kwanza. Tunajua si adabu kumchagulia mtoaji. Lakini ikiwa mfuko wako unaruhusu katoni kumi za kile au dumu tatu za hiki, tutakuomba dumu tatu, na jina lako litasomwa kwa sauti ileile. Leteni dengu. Leteni ndimu. Aliyetaka kuleta makreti ya soda mwaka huu tulimwomba alete matangi ya maji ya kunywa na barafu safi, naye alikubali bila kinyongo. Ahsante sana kwake.

Mwisho, utaratibu wa leo. Mstari wa sahani unaanzia upande wa mwembe, wazee na akina mama wenye watoto wachanga watangulie. Maji ya ndimu yamo katika matangi ya bluu, yenye sukari kidogo. Yaliyo katika tangi jeupe hayana sukari kabisa. Mwenye kisukari amwambie anayegawa, hakuna haja ya kunong’ona, nusu ya wagawaji wenyewe wanacho. Vitumbua vilivyoko meza ya mwisho vimekaangwa na jirani yetu wa langoni asubuhi ya leo, kwa mafuta ya dumu letu. Ametuomba tuseme kwamba vinauzwa, hagawi.